Nani hasa alikuwa ndani ya vazi la Darth Vader, mwovu wa filamu za Star Wars?

Wengi huamini mwigizaji Mmarekani James Earl Jones ndiye aliyevaa lile vazi jeusi. Siye. Katika Star Wars ya 1977 mwili ni wa David Prowse, Mwingereza. Jones aliingiza sauti baadaye studio, kazi ya saa chache kwa dola 7,000, na hata jina lake hakutaka liandikwe. Uso unaoonekana kofia ikivuliwa katika filamu ya 1983 ni wa mwigizaji wa tatu, Sebastian Shaw.

Kosa kubwa zaidi ni kumwona Jones kama sauti tu. Mtoto huyu wa Mississippi aliyekuwa na kigugumizi alijijenga jukwaani: Tony (tuzo ya michezo ya jukwaani ya Marekani) ya 1969 aliipata kwa kucheza bondia katika The Great White Hope, na ya 1987 kwa Troy Maxson, mzoa taka wa Fences. Sauti ya Mufasa, mfalme simba wa filamu ya The Lion King, ilikuja 1994.