Ficha mteja, si jina lake tu

Makongamano ya ushauri nasaha yakifanyika Mombasa, wenzetu wa bara hujaa hoteli za Nyali na Shanzu, sisi wa hapa tukarudi kulala kwetu. Raha hiyo ina bei yake: ukumbi wa Mombasa una masikio ya Mombasa. Kwa hiyo, katika kumshauri mwenzangu anayekwenda kongamanoni, naanza na uwasilishaji wa kesi, yaani kuwasimulia wenzako habari za mteja, maana hapo ndipo watoa mada hukosea zaidi.

Wengi hudhani wakishaandika "Bi A" wamemficha mteja. Tazama slaidi ya kubuni kama hii: "Bi A, miaka 34, mwalimu wa chekechea Mji wa Kale, mume yuko Muscat, alifiwa na mapacha mwezi wa nne." Jina halipo, lakini yeyote aliyekwenda kuhani msiba ule ameshamjua. Kwetu mtu hutambulika kwa kazi, mtaa, ukoo na lililomfika, na vikikaa vitatu mahali pamoja, jina halina kazi tena.

Kwanza pata idhini ya maandishi, mbali na ile ya kuanza tiba. Mteja aambiwe hadhira ni akina nani, kama slaidi zitagawiwa, kama kuna kurekodi, na kwamba akikataa huduma yake haiguswi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika data nyeti, kwa hiyo usilichukulie hili kama adabu tu. Kisha badilisha yasiyobeba hoja: kazi, mtaa, idadi ya watoto. Linalobeba hoja liache. Kesi ya msiba ukiigeuza ya talaka utakuwa unawafundisha wenzako uongo. Mpe slaidi mwenzako anayeishi mtaa ule ule wa mteja, asome dakika mbili. Akisema "kama namjua huyu", anza upya. Na kama ukishaondoa ya kuondoa kesi inabaki haina maana, hiyo haifai ukumbini. Ipeleke kwa msimamizi wako wa kitaalamu. Maisha ya mteja yaseme kwa mdomo, kwenye slaidi uandike hoja peke yake, kwa sababu simu zitapiga picha hata ukikataza, na jioni picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp.

Ukikaa upande wa wasikilizaji, kazi kubwa ni takwimu. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona (huzuni nzito inayodumu), lina maswali 9, alama 0 hadi 27, na 10 ndiyo mpaka unaotumika sana kumtuma mtu achunguzwe zaidi. Mtoa mada akisema wastani ulishuka kutoka 16 hadi 8, ukumbi hupiga makofi. Uliza wangapi walianza. Tuseme walianza 40 wakamaliza 22, na wastani wa mwisho ni wa hao 22 tu: wale 18 walioacha huenda ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, na hawamo kwenye hesabu. Uliza pia kama kulikuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wasiopewa tiba hiyo. Watu huja kwetu wakiwa wamezidiwa, na baadhi yao wangepata nafuu kwa kupita siku tu.

Mfano mzuri wa hesabu iliyo wazi ni utafiti wa Friendship Bench wa Zimbabwe, mradi ambao wahudumu wa afya wa jamii huwasikiliza watu na kuzungumza nao wakiwa wamekaa benchini, uliochapishwa mwaka 2016. Walioingizwa walikuwa 573 katika zahanati za Harare, waliopimwa baada ya miezi sita walikuwa 521, na kundi la kulinganisha lilikuwapo. Mtoa mada asiyeweza kukutajia namba hizo mbili, ya walioingia na ya waliobaki, mshukuru kwa mada yake na usibadilishe tiba ya mtu kwa sababu yake.

Warsha za mbinu zina hatari nyingine. Mwezeshaji huomba mtu ajitolee mbele, "lete jambo la kweli". Aliyejitolea analeta kifo cha babake, zimebaki dakika kumi, na chai iko tayari nje. Kidonda kimefunguliwa na hakuna wa kukifunga. Ukijitolea, chagua jambo ambalo kwenye kipimo cha 0 hadi 10 uzito wake ni 3 au 4, na uulize kabla ni nani atakayekaa nawe baadaye. Wala usitoke hapo ukamfanyia mteja mbinu uliyoiona. Chukua EMDR, tiba ya kiwewe inayotumia kusogeza macho: kiwango cha mafunzo ya msingi cha EMDRIA, chama cha tiba hiyo cha Marekani, ni saa 20 za nadharia, 20 za mazoezi yanayosimamiwa na 10 za mashauriano ya kesi. Warsha ya dakika 90 inakupa hamu tu.

Cheti cha kuhudhuria nakipitisha haraka: jina liwe kama lilivyo kwenye usajili wako na saa za mafunzo ziandikwe. Kasoro idai kabla ya kuondoka, maana waandaaji wakishatawanyika utapiga simu hadi uchoke.

Linalobaki ni lugha. Mada nyingi hutolewa kwa Kiingereza, na wateja wetu wa Likoni na Kisauni hawaji na Kiingereza hicho. Hawasemi hata "sonona", neno la vitabuni. Husema "nina mawazo", "roho imechoka", "kichwa kizito". Wale wa Harare walilianza jambo hapo hapo, kwenye neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiria mno. Mimi hugawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto neno la mtoa mada, kulia vile mteja angelisema, na chini yake vile angeweza kulielewa vibaya. Nafasi hiyo ya chini ndiyo hujaa kwanza. Ukimwambia mtu "usikilize mwili wako", mmoja atakueleza kifua kinavyombana. Mwengine atakwambia mwili si wake peke yake, kuna jini, na sheikh ameshamsomea mara mbili, na kikao kinaelekea kwengine kabisa.