Toazi jeusi si toazi chafu

Narudia, na safari hii kwa maandishi ili nipumzishe mdomo: kung'arisha toazi, ile sahani ya metali inayopigwa kwa fimbo kwenye dramu, hakurudishi sauti yake. Bado naletewa matoazi mazuri yaliyosuguliwa kwa limau na chumvi hadi yakageuka rangi ya waridi, na mwenyewe anashangaa kwa nini hayalii kama zamani.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni uchafu: jasho, mafuta ya vidole, vumbi, chembe za mbao za fimbo. Huo umekaa juu ya metali. La pili ni kufubaa, pale shaba yenyewe inapoungana na oksijeni na kufanya tabaka la kahawia, baadaye jeusi. Uchafu huoshwa ukatoka. Weusi hautoki mpaka uondoe na metali kidogo. Hakuna dawa inayoukwepa ukweli huo, hata lebo ya chupa iseme nini.

Kinachobana sauti ni uchafu. Ile mifereji myembamba iliyoachwa na mashine ya kukereza ikijaa mafuta na vumbi, milio ya juu hupungua na toazi huchelewa kutoa sauti yake yote. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi laini, ukizunguka na mifereji, si kuikata kutoka kwenye kikombe, ile nundu ya katikati, kwenda ukingoni. Suuza sana, kausha hadi chini ya kikombe. Basi. Stili waya iache jikoni.

Sasa limau. Asidi huyeyusha oksidi, lile tabaka la kufubaa, ni kweli, na kwa siku chache toazi hupendeza. Lakini matoazi mengi ya bei nafuu ni ya brasi, yaani shaba na zinki, na asidi huchomoa zinki kwanza ikaacha shaba tupu usoni. Ndiyo ile rangi ya waridi! Hujasafisha kitu, umebadilisha mchanganyiko wa metali. Chumvi inanikera zaidi, kwa sababu kloraidi iliyomo ndani yake ikibaki kwenye mifereji huendelea kuila shaba kila hewa inapopata unyevu, na matokeo yake ni madoa ya kijani ya ungaunga yanayorudi kila ukiyafuta. Watunzaji wa makumbusho wanapambana na tatizo hilohilo kwenye vyombo vya kale vya bronzi, yaani shaba na bati. Wewe unalipaka kwa mkono wako.

Dawa za chupa za kung'arishia metali nazo zina unga wa kusugulia, na nyingine zina amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya brasi yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921: amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na metali iliyobaki na mkazo, yaani nguvu za ndani zinazoivuta baada ya kufinyangwa. Toazi limefuliwa kwa nyundo, limejaa mkazo. Bronzi huistahimili amonia kuliko brasi, kwa hiyo sisemi kila toazi la bronzi litapasuka. Ila la brasi sitalipaka dawa hiyo, na sioni sababu ya kulipaka hata la bronzi.

Gurudumu la mashine ya kung'arishia lina hatari ya aina nyingine. Matoazi ya daraja la juu ni bronzi ya asilimia 80 shaba na 20 bati. Mchanganyiko huo ukipoa polepole huvunjika kirahisi, ndiyo maana viwandani hupashwa moto sana kisha huzimwa majini kabla ya kufuliwa. Ukilisugua sehemu moja hadi likapata moto mkali, unaichezea kazi hiyo. Viwanda vyenyewe hutumia magurudumu kutengeneza matoazi ya kung'aa, kwa hiyo si mwiko. Likianza kuunguza kiganja, acha. Na ujue gurudumu hulainisha ncha za mifereji, basi sauti itabadilika kidogo hata ukifanya kwa ustadi.

Je, weusi huipa sauti joto, kama wapiga dramu wengi wanavyoapa? Hapa nina shaka. Tabaka la oksidi ni jembamba mno, uzito wake si kitu. Hata hivyo, nikisikiliza raidi kuukuu, lile toazi kubwa la kupigia mdundo wa mfululizo, nasikia utulivu ambao jipya halina. Lakini hilo kuukuu limepigwa miaka, mkazo wake umelegea, na pengine lina uchafu pia. Kwa sikio siwezi kuzitenganisha sababu hizo, na simwamini anayedai anaweza.

Kama toazi lina vanishi ya kiwandani iliyobanduka kwa mabaka, litafubaa kwa mabaka vilevile. Ukiitoa yote kwa kiyeyushi, chapa ya wino nayo inaondoka.

Nguvu ya kukarabati iende kwenye tundu la katikati na ukingo. Tundu lililochongeka upande mmoja ni dalili kwamba mpira wa kufunika chuma cha stendi haupo, uweke leo. Ufa mfupi wa ukingoni ukatwe wote kwa mkunjo mpana, kisha ulainishwe kwa msasa. Ufa uliokimbia ukifuata mfereji hutobolewa tundu dogo kila mwisho, na hapo toazi litapigwa kwa upole kwa muda uliobaki.