Skrini mbili si lazima zikupe nafasi zaidi

Wengi huamini kwamba mwenye skrini mbili mezani lazima ana nafasi kubwa kuliko mwenye moja. Sivyo. Nafasi hupimwa kwa pikseli, yaani vidoti vidogo vinavyounda picha kwenye skrini. Skrini mbili za kawaida, kila moja 1920 kwa 1080, zina jumla ya pikseli milioni 4.1 hivi. Moja ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.3, yaani inameza madirisha manne ya ukubwa huo.

Ila kuna jambo wauzaji hulipita kimyakimya. Kwenye 4K ya inchi 27 maandishi huwa madogo mno, hivyo wengi huyakuza hadi asilimia 150. Ukishakuza, nafasi unayobaki nayo ni kama ya skrini ya 2560 kwa 1440: milioni 3.7, pungufu ya zile mbili!

Mhasibu anayelinganisha taarifa ya benki na jedwali la Excel bado atazifurahia mbili. Anayeandika ripoti moja tu, naona ya pili humletea WhatsApp. Kwenye Windows, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto. Dirisha litakaa nusu ya skrini, bila gharama yoyote.