Mapitio ya rubani si mtihani wa kunyang'anywa leseni

Hapa Mbeya, kwa vijana wanaopenda kutazama ndege zikitua Songwe, nimesikia mara nyingi kwamba rubani wa kujiburudisha kule Marekani akikosea kwenye mapitio ya kila miezi 24, yaani pale mkufunzi anapoupitia ujuzi wake, leseni yake inachukuliwa. Si kweli. Kanuni inataka angalau saa 1 ya mafunzo ardhini na saa 1 angani na mkufunzi. Hakuna kufaulu wala kufeli. Mkufunzi asiporidhika, haweki sahihi ya kuthibitisha. Anafundisha zaidi, mnarudia. Leseni inabaki, ila muda ukipita bila sahihi hiyo huruhusiwi kuwa rubani kiongozi, yule mwenye dhamana ya ndege. Hofu hii inaniuma: inamfanya mtu afiche udhaifu wake, tuseme kutua kwenye upepo wa ubavuni, mbele ya yule awezaye kumrekebisha.