Chanjo ya pepopunda na hofu ya kufungwa kizazi: Kenya, 2014

Mwaka 2014 Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, likidai kuwa imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafunga wanawake kizazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walikanusha.

Dhana ya kwanza ni kwamba kuwachanja wanawake wa miaka 14 hadi 49 pekee ni dalili tosha ya njama. Ukweli ni kwamba kampeni ililenga pepopunda ya watoto wachanga. Bakteria wake hukaa katika udongo na samadi, na huingia kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu; mtoto hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha taya zinakaza, ziwa linamshinda na mwili unakakamaa. Kingamwili za mama aliyechanjwa humfikia tumboni kupitia kondo la nyuma, njia ambayo baba hana.

Dhana ya pili, kwamba chanjo ya namna hiyo ilibuniwa tu vichwani mwa watu, huenezwa na wanaowacheka maaskofu, nao pia wamekosea. WHO ilifadhili kweli utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba kwa kutumia hCG, yaani kuufanya mwili utengeneze kingamwili za kuishambulia homoni hiyo, na mwaka 1994 mtafiti G. P. Talwar na wenzake nchini India walichapisha matokeo ya chanjo yao. Hata hivyo, mwili haushambulii homoni yake wenyewe kwa kuongezewa kidogo. Ilibidi Talwar aiunganishe kikemia na protini ngeni, ikiwemo sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, na kingamwili zilipopungua wanawake walishika mimba tena. Kwa hiyo hata chanjo halisi ya hCG haikufunga kizazi daima.

Vipi kuhusu majibu ya maabara ambayo maaskofu walitangaza kuwa yameonyesha hCG ndani ya chanjo? Vipimo vya kawaida vya hCG vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo, ilhali chanjo ina chumvi ya alumini na viungo vingine vinavyoweza kupotosha majibu.

Mwisho, si kweli kwamba Kanisa hukataa chanjo: hospitali na zahanati zake nchini Kenya huchanja watoto na wajawazito, na maaskofu walisema wazi kuwa wanachopinga ni kampeni hiyo tu.