Hisani si hifadhi ya jamii

Hisani ni mali ya mtu anayoitoa kwa hiari yake. Hifadhi ya jamii ni kile ambacho serikali inatoa kutokana na kodi kwa sababu sheria inaidai: shule, matibabu, pesa za wazee. Nairobi mambo haya mawili huchanganywa sana, hasa bajeti inapokatwa na mtu akasema matajiri wataziba pengo.

Hawawezi, na si kwa sababu ni wachoyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na jiji hili lina watoaji wengi. Starehe Boys' Centre ilianzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana wa mitaani, na michango imesomesha huko vijana ambao wangepotea. Lakini tazama Januari 2003, serikali ilipofuta karo ya shule za msingi: watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani nchini. Madarasa yalifurika na walimu hawakutosha, hilo ni kweli. Ila hakuna mtoto aliyeulizwa anamjua nani.

Hapo ndipo penye uzito. Chukua mama wa Kayole ambaye mumewe amelazwa na bili inapanda kila siku. Anafungua kundi la WhatsApp, na kila mchango ukiingia mweka hazina anaandika jina na kiasi. Namba 14 ametuma 200. Mwenye jamaa wenye kazi nzuri anamaliza bili wiki hiyo hiyo. Ambaye jamaa zake wanabeba mizigo soko la Gikomba anaendelea kungoja, na ugonjwa ni ule ule. Hisani hufuata kujuana.

Ndiyo sababu Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja afya, makazi, chakula, maji na elimu kuwa haki, na kuitaka serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa pesa wazee na wengine wasiojiweza, ni kidogo, tena huchelewa. Hata hivyo mzee aliyesajiliwa anaweza kwenda kwa chifu akauliza, "Pesa zangu ziko wapi?" Mfadhili haulizwi hivyo. Anaambiwa asante.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kampuni ikitoa shilingi 100 kwa shirika la hisani lililosamehewa kodi, sheria inairuhusu kuziondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa kiwango cha asilimia 30, shilingi 30 kati ya hizo zingeingia hazina ya taifa. Sehemu ya mchango huo tumeulipa sote, lakini aliyechagua nani asaidiwe ni mmoja.

Sisemi hisani haina kazi. Inaweza kujaribu jambo jipya haraka kuliko ofisi ya serikali, kisha fedha za umma zikalikuza. Dishi na County, mpango wa chakula shuleni ulioanza 2023, ni kaunti ya Nairobi ikishirikiana na shirika la hisani, Food4Education. Mtoto analipa shilingi 5. Saa ya chakula anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapokea wali na ndengu, anaketi na wenzake kula. Hajui nani amelipa zilizobaki, wala hadaiwi shukrani na mtu.