Saratani za virusi: kwa nini dawa ilenge protini za mgonjwa mwenyewe?

Kama kirusi ndicho kilicholeta saratani, si kiuawe tu?

Uvimbe unapoonekana, mara nyingi kirusi kimeshalala ndani ya seli. Asaikloviri, dawa ya virusi vya jamii ya herpesi, kwa mfano, huhitaji kuamshwa na kimeng'enya cha kirusi, na kirusi kilicholala hakitengenezi kimeng'enya hicho. Dawa hupita bure. Isitoshe, HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ina jeni nane hivi tu. Kazi nyingi huzifanya kwa protini za seli. Kwenye protini hizo ndiko dawa inakoweza kuivizia.

Huzitumiaje?

Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Protini ya HPV iitwayo E6 huungana na protini ya seli, E6AP, kisha huikamata p53, mlinzi anayezuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. E6AP huibandika p53 alama ya kuharibiwa, nayo proteasomu, kinu cha seli cha kusagia protini, huimaliza. Jeni ya p53 kwa kawaida ni nzima. Ni protini yake inayosagwa kila inapotengenezwa. Ndiyo maana E6 ikizimwa maabara, p53 hurudi na seli huacha kugawanyika au hufa.

Kuna dawa za namna hii zinazotumika tayari?

Zipo, hasa kwa saratani ya Kaposi, inayotokana na kirusi HHV-8. Kirusi hiki huiwasha mTOR, protini inayoiamuru seli ikue. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 15 waliopandikizwa figo: siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae figo, ilisitishwa, wakapewa sirolimasi, inayozuia mTOR. Ndani ya miezi 3 madoa ya ngozi yalitoweka kwa wote, na figo hazikukataliwa.

Pomalidomidi, inayoshikana na protini ya seli iitwayo sereblon, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa Kaposi: miligramu 5 kila siku kwa siku 21, kisha mapumziko ya siku 7.

Ubaya wake?

Seli zenye afya nazo zinazihitaji protini hizo. Sirolimasi huleta vidonda vya mdomo, hupandisha mafuta ya damu na huchelewesha vidonda kupona. Anayetumia ARV zenye ritonaviri awe macho zaidi: ini huchelewa kuivunja sirolimasi, nayo hujazana mwilini hata kwa dozi ya kawaida, kwa hiyo kiwango chake kipimwe kwenye damu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume, huishusha. Pomalidomidi hupunguza chembe nyeupe, huweza kugandisha damu mishipani, na hulemaza mimba. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza na wakati wote wa matibabu.